Joëlle Hajavuka Bado

Jumatatu asubuhi Florentin alikuwa juu ya paa la nyumba ya mama yake, mtaa wa Kasuku mjini Kindu, nyundo mkononi, ananyofoa msumari wa kwanza, alipofika mjumbe wa Isidore, mkubwa aliyekitwaa kiwanja, kumwambia ateremke. Kindu nzima inajua kwamba anayehama huhama na mabati yake, mlango wake na madirisha yake. Kuta za udongo ndizo huachwa, maana udongo ni wa hapo hapo. Lakini karatasi ya Isidore ilisema kiwanja, nyumba na bati lake, na ilikuwa na mihuri mingi. Florentin alikuwa mwandishi wa riwaya, mtu mwenye heshima kubwa mno kwa karatasi. Akateremka.

"Mwenye nguvu mupishe," akasema mama yake, Françoise, akaendelea kufunga masufuria kwenye kitenge. Hakulia. Alikuwa amekwisha kukililia kiwanja hicho mwezi uliopita, akaona inatosha.

Hapo ndipo Florentin alipokumbuka mabati mengine. Wakati wa vita, mji ulipofungwa na treni ikaacha kuja, askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwaezulia watu mabati. Marehemu baba aliwahi akaezua mwenyewe, akayapaka mabati mawese yasishike kutu, akayafukia nyuma ya choo. Vita ikaisha, baba akafa, nyumba ikaezekwa upya, na yale ya zamani yakabaki ardhini. Karatasi ya Isidore haikuyataja. Florentin akachimba, yakatoka mekundu kwa mawese, mazima kabisa.

"Ingefaa tuyaache kwanza kwenye mvua," mama akasema. "Bati ya kufukiwa inaoshwa na mvua msimu muzima, njo inapanda juu ya nyumba."

"Na msimu muzima tutalala wapi, mama?"

Mabati yakapakiwa kwenye mtumbwi pamoja na meza ya kuandikia, wakavuka mto mpaka Alunguli, wakayapigilia juu ya kuta ambazo Mamy alikuwa amewatafutia. Mamy ni mpwa wa Florentin, mtoto wa dada yake, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye kichanga mgongoni.

Jioni ya kwanza kila aliyeingia ndani alijikuta ananong'ona. Simu ziliishiwa mtandao pale pale mlangoni. Redio ikatangaza kwamba uwanja wa ndege umefungwa na wananchi watulie. Mchuzi wa samaki, ambao Mamy alikuwa ameutia chumvi kwa mkono wake, haukuwa na chumvi hata chembe. Ukitoka nao nje, chumvi ilikuwepo. Jirani mmoja aliyekuja kusalimu akaonja ndani, akaonja nje, akatikisa kichwa.

"Ni bati ya vita," akasema. "Shangazi yangu iko na sufuria ya namna hii. Waliizika, wakaizikua. Mpaka leo ukitia nyama, unapakua sombe, majani ya muhogo matupu."

Basi wakawa wanakula uani, na maisha yakaendelea.

Kesho yake alasiri, Joëlle akatoka chumba cha ndani, beseni kichwani.

Joëlle ni dada mdogo wa Florentin, na ndiye mama yake Mamy. Alikuwa na miaka ishirini na kitenge cha njano, na hakuwa ameonekana tangu vita. Alikuwa ameolewa huku Alunguli. Siku moja ya vita alivuka kwenda kwa mama yake Kasuku kutafuta chumvi, akamwacha kichanga chake kwa mama mkwe, na nyuma yake askari wakafunga kivuko.

"Yaya, nivuke?" akamuuliza Florentin, kama anavyoitwa kaka au dada mkubwa. "Askari wa kivukoni alisema nirudi alasiri. Maziwa inanijaa. Mutoto hajanyonya tangu asubuhi."

"Lakini uko Alunguli tayari," Florentin akasema.

"Alunguli iko ngambo, Yaya," akamjibu kwa upole, kwani kaka yake tangu utoto alikuwa mtu wa kuchanganya mambo. Akamuaga mama, akatoka. Alipopita ukingo wa bati hakuwepo tena, si yeye, si beseni. Siku iliyofuata, alasiri ile ile, akatoka tena chumba cha ndani.

Françoise ndiye aliyeelewa upesi. Mumewe aliyafukia mabati yale asubuhi iliyofuata tu baada ya Joëlle kuondoka. Yanajua mpaka alasiri ile. Ya kesho yake yatayajuaje? Tangu hapo mama akawa anapika mapema, binti yake ale tonge mbili tatu kabla ya kwenda. Alifurahi waziwazi. Alikuwa akiimba jikoni, jambo ambalo hakulifanya Kasuku miaka yote.

Aliyechanganyikiwa ni Florentin. Riwaya yake ya kwanza ilikuwa juu ya dada huyu, na iliishia pale anapotia mguu mmoja mtumbwini. Aliishia hapo kwa sababu hapo ndipo habari zake zilipoishia. Watu wakakisoma kitabu Kindu, Kibombo, mpaka Pangi kwenye machimbo, na tangu hapo hakuwa na amani. Sokoni, matangani, mbele ya msikiti: "Alivuka?" Mchapishaji wa Kinshasa naye alikuwa anangojea kitabu cha pili, na kila siku Florentin alitoka nje, akasimama chini ya mpapai, akasoma ujumbe uliouliza neno hilo hilo.

Siku moja akaandika kwamba alivuka. Ukurasa ukawa mtamu, mpaka mwenyewe akatokwa machozi. Alasiri ile Joëlle hakuja. Françoise alikaa na sahani mapajani hadi adhana ya magharibi, kisha akauchukua ukurasa mezani, akawashia makaa. Kesho yake Joëlle akaja, beseni kichwani. Mwisho ule wa pili, kwamba hakuvuka, Florentin hakuthubutu hata kuujaribu.

"Askari gani anayekuambia urudi?" akamuuliza dada yake.

"Yule mwembamba. Wanamwita Isidore."

Florentin akaenda jikoni.

"Isidore gani, mama?"

"Wako wangapi? Huyu huyu wa karatasi. Alimwambia avuke, mutumbwi ikafika kati ya mto, akapiga risasi. Mwenye kasia aliogelea, akatuelezea."

"Na ulikuwa unajua!"

"Kindu yote inajua, mwanangu. Weye ulikuwa unaandika."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie, ufanye nini?"

Swali hilo lilimuuma, maana lilikuwa la kweli. Akavaa koti, akaenda ofisi ya mahakama kushtaki. Karani alimpokea vizuri, akamuuliza kama kuna shahidi. Florentin akasema shahidi yupo nyumbani, ila hawezi kupita ukingo wa paa. Karani akasema kesi za namna hiyo wamezizoea, tatizo ni sheria, shahidi lazima aje kwa miguu yake. Kisha akauliza kama dada huyo ameshakufa.

"Bado," Florentin akasema. "Anakwenda kuvuka leo alasiri."

"Sasa ndugu, unamshtaki mukubwa kwa kitu ambacho hakijafanyika?"

Florentin akafikiri sana, akaona hoja ina kichwa lakini haina miguu, au ina miguu na haina kichwa. Akarudi nyumbani bila kujua amekubali au amekataa.

Wiki iliyofuata Isidore akaja mwenyewe. Alishuka kwenye pikipiki, mtu mnene, mwenye harufu nzuri na saa ya dhahabu, akasimama uani akijifuta jasho.

"Nilisoma kitabu yako," akasema. "Ni kizuri sana. Lakini muntu anamaliza namna ile? Andika alivuka. Watu wamechoka na huzuni."

"Karibu ndani," Florentin akasema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Pengine ni adabu tu.

Isidore akainama mlangoni, na kadiri alivyoingia tumbo likapungua, shati likawa gwanda, bunduki ikaning'inia begani. Alipofika katikati ya chumba alikuwa kijana mwembamba mwenye midomo iliyokauka. Françoise akamtazama, akaketi chini palepale aliposimama. Na Joëlle akatoka chumba cha ndani.

"Afande, nimerudi."

"Vuka," kijana akasema. "Usiogope."

Joëlle akaweka beseni sawa kichwani. Florentin akafungua mdomo. Mtu huyu aliyejaza kurasa mia tatu kwa maneno, siku hiyo hakupata hata moja! Dada yake alikuwa amebakiza hatua chache kufika mlangoni.

Mamy ndiye aliyesimama. Joëlle alikuwa amezoea kumwita yaya, kwa sababu ni mkubwa kwake.

"Mama," Mamy akasema. "Mutoto analia. Munyonyeshe kwanza."

Joëlle akageuka, akakitazama kile kichanga, kifua cha kitenge chake kimelowa.

"Huyu ni wangu?"

"Huyu njo mutoto wako," Mamy akasema, na ukiangalia vizuri hakudanganya.

Joëlle akatua beseni, akaketi mkekani, akafungua kitenge. Mtoto akashika ziwa kwa nguvu, akanyonya, nyumba nzima ikasikia anavyomeza. Mamy akajibanza karibu na bega la mama yake, akalia bila kuficha uso, kwani yeye ndiye aliyekuwa na njaa siku ile ya vita.

"Haraka," askari akasema.

"Ananyonya, afande."

Kijana akahamisha bunduki bega la pili. Amri aliyopewa ilikuwa juu ya wanaovuka. Juu ya wanaonyonyesha haikusema kitu. Mwishowe akaketi kwenye kiti cha Florentin. Jua liliposhuka akainuka, akatoka, na nje ya ukingo wa bati tumbo na saa vikamrudia.

"Nyumba yako ina joto," akamwambia Florentin. "Maliza kitabu." Akapanda pikipiki mpaka kivukoni, akavuka salama, akaenda kulala Kasuku, katika nyumba ya Françoise.

Tangu siku hiyo anakuja kila alasiri. Anasema anafuatilia maendeleo ya kitabu. Anaingia, anakonda, anasema vuka, anaketi kungoja. Françoise anamwekea kiti, kwa sababu mgeni haachwi kusimama, ila chakula hampi. Joëlle ananyonyesha. Florentin anaandika anachokiona, ukurasa baada ya ukurasa, na mchapishaji analalamika kwamba katika kitabu hiki mtoto ananyonya tu na hakuna kinachotokea. Florentin alimjibu kutoka chini ya mpapai kwamba hicho ndicho kinachotokea.

Mtoto akanenepa. Jirani akasema aanzishiwe uji, na Françoise, ambaye hajawahi kugombana na jirani, akamfokea, akaenda kuficha unga.

Kisha alasiri moja Joëlle akashtuka, akacheka kwa sauti, sauti kubwa kuliko zote zilizowahi kusikika chini ya mabati yale.

"Ameniuma!"

Akafunua mdomo wa mtoto kwa kidole, akawaita wote waje waone, Mamy, Yaya, mama, na kwa furaha aliyokuwa nayo akamwita hata askari. Wote wakainama. Kwenye ufizi wa chini kulikuwa na jino, dogo, jeupe. Hakuna aliyepiga vigelegele. Françoise akashika ukingo wa meza.

"Imeota," Isidore akasema. "Basi hatakawia kuacha ziwa." Akarudi kuketi, bunduki magotini, akangoja.