Silinda Nane za Impala

Siku ya tatu Vénérand alikuwa bado kajiinamia chini ya boneti, na mimi bado namuuliza kama huko ndani kafungua duka. "Maana huonekani, kaka. Tukuletee na wateja?"

"Yasini, nenda kapige puti yako."

Gereji yetu ya Midrand, Afrika Kusini, ina sheria: wa bodi hagusi injini, wa injini hagusi bodi. Mimi ni wa bodi: bati, puti ya kuziba mashimo, na rangi. Vénérand, Mrundi wa Gitega, ni wa injini, na kwa zile Ford za kale za silinda nane hana mpinzani. Ila hii haikuwa Ford. Ilikuwa Chevrolet Impala ya mwaka 1959, mali ya Dada Bushra, mzaliwa wa Dar es Salaam, anayekodisha magari ya harusi hapa Joburg.

Hapa niruhusu nisimame kidogo. Umewahi kuiona Impala ya hamsini na tisa kwa nyuma? Magari mengi ya Kimarekani ya enzi hizo yalisimamisha mapezi wima kama papa. Hii imeyalaza, yakatanuka huku na huku kama mbawa za ndege anayetua, na chini ya kila bawa kuna taa nyekundu, ndefu, iliyochongoka kama jicho lililopakwa wanja. Siku hizi naletewa bampa za plastiki, unagonga zinapasuka kama sahani ya sherehe. Bati la Impala ukiligonga linakujibu. Nilipolimaliza kwa rangi ya maziwa, wapita njia walisimama getini, mzee mmoja akavua kofia.

Halafu injini. Silinda nane, lita nne na nusu na ushei, gia mbili tu zinazojibadilisha zenyewe. Gari la tani moja na nusu na zaidi linapanda kilima kwa gia mbili bila kuhema, kwa sababu nguvu zake zimejaa huku chini, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Unagusa mafuta kidogo, linaondoka kama mtu aliyeitwa chakula. Ikinguruma sawasawa huisikii masikioni, unaisikia kwenye soli za viatu.

Ilikuja ikinguruma, ila moto unakosa mara moja moja. Vénérand akang'oa waya zote za plagi, akafunga mpya. Tangu hapo haikuwaka. Ilipiga chafya, ikatema moto kwenye kabureta, ikaondoka na nusu ya nyusi za Vénérand.

"Umenyolewa bure," nikamwambia. "Wenzio wanalipia."

Hakucheka. Asubuhi Dada Bushra alikuwa amepiga simu: saa tisa anakuja na lori la kuvuta. Injini inang'olewa, inapachikwa ya Kijapani, kama wanavyofanya wengi hapa Joburg. "Bibi harusi hawezi kukaa kwenye robot, taa imewaka kijani, gari limezima," alisema. "Nimechoka kuibembeleza."

Sasa ilikuwa saa nane na robo. Vénérand akaketi juu ya tairi.

"Kabureta nimefungua mara mbili. Mafuta yanafika. Moto upo. Eish, niko nashindwa, Yasini. Wataitupa kwenye chuma chakavu. Imeishi miaka yote hiyo, mimi ndiye nimeiua."

Nikasogea karibu na injini, nikazitazama waya. Kusema kweli nilikuwa na wasiwasi tangu jana, na nilijua kwa nini sitaki kuutoa.

"Hebu hesabu silinda zako," nikasema.

"Leo unanifundisha kuhesabu?"

"Hesabu nisikie."

Akanyoosha kidole upande wa kulia wa injini, kutoka mbele. "Moja, mbili, tatu, nne." Akahamia kushoto. "Tano, sita, saba, nane."

"Hiyo hesabu ya Ford. Chevrolet wanaruka. Kushoto ni moja, tatu, tano, saba. Kulia ni mbili, nne, sita, nane. Waya zako zote zimeingia nyumba za watu."

Akanitazama. "Wewe wa puti umejuaje?"

"Nilikuwa wa injini, kwenye gereji moja kule Germiston. Nilihesabu Ford kwa hesabu ya Chevrolet. Siku nne nafungua kabureta. Nikafukuzwa mbele ya mteja."

Nilingoja anicheke. Miaka miwili nimemtania, haki yake ilikuwa mkononi. Akafuta mikono, akanipa tochi.

"Pita huku. Nisomee mpangilio wa moto, umeandikwa hapo juu ya injini."

"Na sheria?"

"Soma, bwana."

Nikasoma polepole: moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Akavuta waya moja moja na kuihamisha. Ya mwisho ilikuwa bado mkononi mwake lori lilipopiga honi getini.

Dada Bushra aliingia na mkoba begani, dereva wa lori nyuma yake na mnyororo. "Mafundi, pisheni."

Vénérand akazungusha ufunguo. Impala ikakohoa mara moja, ikashika. Spana zikaanza kutetemeka juu ya meza. Dada Bushra akaweka kiganja juu ya bawa la nyuma, akakiacha hapo.

"Sauti si kitu," akasema hatimaye. "Itapanda?"

"Ipandishe mwenyewe, dada," nikamwambia. "Kilima kile, mpaka robot, urudi."

Akaketi kwenye usukani, akatoka getini. Kilima kile ni cha dakika tano kwenda na kurudi. Ziliisha kumi. Zikaisha ishirini. Vénérand hakukaa. Kisha tukaisikia ikishuka kutoka mbali, kabla hatujaiona, sauti moja nzito isiyo na mkwaruzo, na dereva wa lori akaanza kukunja mnyororo wake bila kuambiwa na mtu.