Kijiwe katika Mchele

"Samahani, Mzee Boga, hii inakwama," alisema Kavenya, aliyetumwa na hoteli moja ya Diani kuja Msambweni kuchagua sanamu ya bustani.

Boga alinuna. Sanamu za wengine husimama tu kama milingoti. Zake huchezeshwa na upepo. Hii ilikuwa ya mwanamke wa bati aliyekaa kitako akipepeta mchele, cheni za baiskeli zikizunguka kifuani mwake. Ungo ulipanda, ukashuka, ukapanda, kisha ukatulia ghafla, kidole kimoja kikagusa ndani yake, ilhali upepo bado unavuma.

"Umeona? Itie mafuta."

"Haikwami, mwanangu. Hapo anatoa kijiwe."

Miezi mitatu alikuwa akilipiga tupa jino moja la gia ili aupate utulivu ule. Tangu mkewe Mishi azikwe, kila akila wali ni lazima ang'ate kijiwe.

Kavenya aliomba radhi, akauliza bei. Boga aliutazama uso ule wa bati. Mishi alikuwa akishakitoa kijiwe huinua uso, akamtazama yeye, akacheka. Hilo ndilo lililomshinda kuliunda.

Ungo ukapanda tena, uso ungali umeinama.