Maji Yaliyobaki Ndani ya Injini

Jumatatu ya pili ya Oktoba, saa mbili asubuhi, Yolande Pelchat aliunganisha mpira wa bomba kwenye pikipiki ya maji ya Wakili Gadoury, akawasha injini, kisha akafungua bomba. Utaratibu ni huo: kuwasha, injini kwanza na maji baadaye, kuzima, maji kwanza na injini baadaye. Anayekosea huifurisha injini. Yolande hakuwa amekosea kwa miaka ishirini na sita, tangu yeye na marehemu mumewe wafungue karakana kando ya Ziwa Brochu, huko Quebec. Kila vuli wenye nyumba za mapumziko walirudi mijini, wakamwachia mashine zao azitayarishe kwa majira ya baridi.

Alifunga bomba, akaingurumisha injini mara tatu, kidogo kidogo, ili maji yaliyobaki yatoke kwenye ekzosi. Mara ya kwanza yalitoka maji ya kutu. Mara ya pili yalitoka magugu ya ziwani. Mara ya tatu alitoka Maryse, binti yake. Alisimama, akakamua nywele, akatazama huku na huku.

"Ndoo iko wapi?"

"Palepale ulipoiacha mwaka jana."

Maryse aliipindua ndoo, akaikalia. Yolande alimtupia koti.

"Na hiyo sweta uliyovaa, Mama? Bado tu?"

"Ina kosa gani?"

"Kosa lake ni kuwa hai."

Maryse alikufa Julai ya mwaka uliotangulia, akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa akiogelea mbele ya gati la mama yake, Wakili Gadoury akapita juu yake kwa pikipiki hiyohiyo. Ripoti ya polisi ilisema kwamba jua lilimpiga wakili machoni, ikashauri waogeleaji wavae kofia za rangi kali. Ilikuwa saa saba mchana, jua likiwa utosini, na Maryse alikuwa na kofia nyekundu. Vuli ilipofika, wakili alileta mashine kama kawaida, kwa kuwa ziwani hapakuwa na karakana nyingine. Yolande aliipokea, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine.

Vuli hiyo ya kwanza binti yake alikaa nusu saa tu. Yolande, ambaye hakujua, aliendelea na kazi. Alipitisha dawa ya kuzuia barafu, ile ya rangi ya waridi, kwenye njia za maji. Ilipochuruzika nyuma ya mashine, Maryse alikatika katikati ya sentensi. Baadaye Yolande alielewa kwamba binti yake hukaa muda wote ambao maji ya ziwa yamo ndani ya injini. Kwa hiyo mwaka huu aliacha chupa za dawa rafuni, akachochea jiko la kuni.

Jumanne alifanya kazi zote zisizogusa maji: alisugua bodi, akakausha kiti, akapaka grisi. Mchana walikula supu ya njegere. Ya Maryse ilimpita moja kwa moja ikamwagika sakafuni, lakini alisema imepungua chumvi. Jirani yao Normand, akitoka kuwinda kulungu wakubwa wa misitu ya kaskazini, alichungulia mlangoni.

"Maryse! Mwaka mzima hujakauka?"

"Nawe mwaka mzima hujaua? Mnyama wako yuko wapi, au leo pia umewinda baridi ya miguu?"

Normand alicheka, akaacha kuni alizoleta, akaenda zake.

Jumatano Yolande alikwenda kanisani, na jiko likazimika. Aliporudi, maji yaliyochuruzika sakafuni kuizunguka ndoo yalikuwa na utando wa barafu. Vidole vya Maryse vilikuwa vyeupe kama kioo cha dirisha wakati wa theluji, na kile cha mwisho kilikuwa na ufa kutoka kwenye kucha hadi kiganjani. Yolande hakuhitaji kuambiwa. Maji yakiganda ndani ya injini hutanuka, na kinachotanuka hupasua. Tangu hapo alilala kwenye kiti kando ya jiko, akiamka kila saa kutia kuni.

Jumamosi Wakili Gadoury alifika na trela.

"Hujambo, Maryse?"

"Sijambo."

"Naomba usiegemee kiti, tafadhali. Kimeshakaushwa."

Maryse akasogea.

"Bwana Wakili," Yolande alisema, "iache hapa hadi Mei. Kuna moto."

"Ningependa, Bi Yolande. Lakini bima inataka ilale chini ya paa langu."

"Basi niuzie."

Wakili alifikiri kwa heshima. "Siwezi. Nina kumbukumbu nyingi nayo."

Maryse alitazama kidole chake. "Huko kwake kuna jiko?"

"Hakuna," Yolande alijibu.

"Basi tia dawa, Mama."

"Tungoje jioni."

"Mama, ufa mmoja unatosha."

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya meza ya kazi. Yolande alitoa chupa rafuni, lakini mara mbili dawa ilimwagika nje. Wakili, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpokea chupa. Yeye akamimina, Yolande akawasha injini.

"Mama, ile sweta, mimi nilikuwa nata..."

Tone la waridi lilianguka sakafuni.

Yolande alimalizia kazi. Alifungua plagi, akapulizia mafuta kwenye silinda, akatoa betri, akaziba ekzosi kwa kitambaa ili panya wasijenge kiota. Wakili alikagua, akaridhika, akafunga mikanda ya trela. Kabla ya kuondoka aliomba kwamba masika, kama inawezekana, mashine iongezewe kasi kidogo, maana watoto wake walilalamika. Yolande aliandika ombi hilo kwenye daftari la kazi, chini ya jina la wakili. Masika, mashine ilipomrudia, aliongeza.

Mwishoni mwa Mei wakili alipiga simu kushukuru. Mashine iliwaka mara ya kwanza tu, alisema, na haijawahi kwenda vizuri kiasi hicho. Hata ziwa limekuwa tulivu. Mbele ya gati la Bi Yolande hakuna tena anayeogelea, mtu anaweza kupita bila kupunguza mwendo.

Yolande alisema asante, akamwuliza kama angependa kuweka nafasi ya Oktoba.