Populasio ya Fanny

Mezani kwa Barthélemy neno moja liliweza kupoza chakula. Yeye alifundisha takwimu katika chuo kimoja cha Bukavu. Binti yake wa pekee, Fanny, alikuwa anamalizia masomo ya biolojia kwenye chuo hichohicho. Wote wawili walilitumia neno populasio kila siku ya Mungu, na hawakuwahi kukubaliana maana yake.

"Papa, nyinyi watu wa takwimu munaharibu neno," Fanny alisema Jumapili moja, ugali mkononi. "Kwenu hata misumari iko populasio."

"Misumari yote ya kiwanda, ndiyo. Populasio ni vyote ninavyotaka kujua habari yake. Nachota vichache, napima, halafu nasema juu ya vyote."

"Populasio yangu inazaa, inakufa, inahama. Misumari haihami."

"Mufanyakazi akiiba, inahama."

Maman Delphine, mama yake Fanny, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa palepale sebuleni, karibu na dirisha. "Miye najua ile ya redio tu, sisi raia," alisema. "Populasio ibaki nyumbani. Populasio itulie. Kila nikisikia vile, nafunga mulango."

Populasio ya Fanny ilikuwa vyura wadogo wa kinamasi kimoja upande wa Nyangezi. Aliwakamata kwa wavu, akawafunga uzi mwembamba wa rangi kiunoni, akawaachia. Baadaye alirudi kukamata tena, na kwa kuangalia wangapi walikuwa na uzi, alikadiria wako wangapi kinamasi kizima. Watu wa pale walimwita maman wa vyura. Wakulima walikuwa wanakikausha kinamasi kidogo kidogo ili wapande maharage, na Fanny alitaka kujua kama vyura wale wangebaki. Baba yake alikuwa amemsaidia na hesabu. Alijifanya anadharau, lakini chuoni aliwasimulia wenzake habari za vyura mpaka wakamkimbia.

Tangu mji ubadilishe watawala, barabara ya kusini haikuaminika. Kulikuwa na wenye bunduki wa upande huu na wa upande ule, na milimani walibadilishana nafasi bila kumwambia mtu. Fanny alikaa nyumbani wiki nyingi. Kisha pikipiki zikaanza kwenda na kurudi na mihogo, wanawake wakaanza kushuka sokoni, na kila mtu akasema kumetulia. Siku ya Alhamisi akaondoka na mwenzake wa darasani, Constantin.

"Nitarudi mbele ya jua kuwa kali," alimwambia mama yake. "Na uniachie sahani ya sombe."

Mchana Constantin alirudi peke yake. Maman Delphine alikuwa anampima mteja mabega. Aliona suruali ya kijana yule imejaa matope mpaka mapajani, na mikono yake mitupu.

"Fanny iko wapi?"

Constantin alikaa chini mlangoni. Mteja mwenyewe alielewa kwanza, akamshika Delphine kiunoni.

"Tulikuwa ndani ya maji, maman. Bakaanza kupiga risasi juu ya kilima, na bengine bakajibu toka barabarani. Mimi nikalala mu mafunjo. Fanny alikuwa karibu na ukingo, akasimama ili akimbie." Alipangusa uso, akajipaka matope zaidi. "Hakulia. Alianguka tu. Bamaman ba pale bamemutoa ndani ya maji. Mimi banikatalia kubaki."

Siku ile hakuna gari lililokubali kuteremka. Asubuhi yake Barthélemy alikwenda na shemeji yake, Cyprien, ambaye aliazima pikapu ya parokia. Kwenye kizuizi askari kijana aliwasimamisha. Hakuwa na ukali wowote. Aliwasikiliza, akachukua redio yake ya mkononi kumuuliza mkubwa wake.

"Chef, iko muzee hapa anafuata maiti ya jana."

Redio ilikwaruza. Sauti ikauliza kama maiti ni ya mwanajeshi.

"Hapana, chef. Iko populasio moja tu."

"Basi apite."

Barthélemy alishika mlango wa gari, akateremka. Cyprien alimvuta koti, lakini alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kijana yule.

"Anaitwa Fanny," alisema.

Askari alimtazama. Alikuwa na umri wa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza. "Muzee, bote biko na majina," alijibu, karibu kwa upole. "Pita."

Walimkuta Fanny kwenye baraza la kituo cha afya, amefunikwa kitenge cha mtu wasiyemjua. Wanawake walikuwa wamemwosha miguu. Mmoja wao, aliyelima maharage kando ya kinamasi, aliomba msamaha mara nyingi kana kwamba bunduki ilikuwa yake. Barthélemy alimshukuru. Alipombeba binti yake alishangaa jinsi alivyokuwa mzito, maana siku zote alikuwa akimtania kwamba upepo wa ziwa utamchukua.

Walimzika Jumamosi, juu kilimani, kwenye udongo mwekundu ulioteleza kwa mvua. Jioni, watu wakiwa bado wamejaa uani, redio ya jirani ilisema kwamba kumekuwa na kurushiana risasi upande wa kusini, kwamba mtu mmoja wa populasio amepoteza maisha, na kwamba populasio inaombwa kutulia. Kisha ukapigwa muziki.

Jumatatu Barthélemy alikwenda redioni kuomba jina lisomwe. Mtangazaji alimkaribisha ofisini, akafunga mlango.

"Professeur, pole sana. Lakini nikitaja jina, watu watauliza ni nani alimupiga. Na mimi niko na watoto."

"Jina tu. Si lazima useme kingine."

"Jina ndilo linaleta kingine."

Barthélemy alitaka kumchukia, hakuweza. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Delphine, ambaye tangu maziko alikuwa hazungumzi ila kwa kuulizwa, aliinua kichwa.

"Ulienda kuomba nini kule? Ili nani amujue? Benye kumujua tuko hapa, na tunatosha kuumia."

Constantin alibadilisha somo la utafiti. Mwalimu wake alimshauri atafute populasio iliyo karibu, mahali pasipo na hatari, naye akachagua mbu wa mitaro ya mjini. Alikuja kumwambia Barthélemy mwenyewe, akilia, kama mtu anayeomba ruhusa. Barthélemy alimwambia mbu ni wazuri. Mvua zilipokwisha wakulima walichimba mifereji hadi katikati ya kinamasi. Habari hiyo aliileta Cyprien, na hakuna aliyemwuliza kama ameona chura.

Chuo kilimpa Barthélemy likizo, kisha kikamwita. Somo la kwanza la mwaka lilikuwa lilelile. Aliandika neno ubaoni, akaeleza kwamba populasio ni vitu vyote au watu wote tunaotaka kujua habari zao, wasipungue wala wasizidi. Msichana wa mstari wa mbele alinyoosha mkono.

"Professeur, na waliokufa? Bado wako ndani?"

"Inategemea tarehe uliyochagua," alijibu. "Kama siku ile walikuwa hai, wamo. Kama walikufa kabla yake, hawamo."

Jibu lilikuwa sahihi. Aligeuka kuliandika ubaoni, akabaki anautazama ubao. Wanafunzi walingoja, kisha mmoja mmoja wakakusanya vitu vyao na kutoka bila kelele. Msichana yule alikuwa wa mwisho. Alisema samahani kwa sauti ndogo, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata alirudi, akaendelea pale alipoishia, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hilo lilimwogopesha kuliko kule kunyamaza. Alielewa kwamba ataweza kusema maneno yale mpaka astaafu.

Aliporudi nyumbani siku ile alimkuta Delphine amefunga nguo zake ndani ya mfuko.

"Naenda kwa mama, Kalehe," alisema. "Mashua inatoka kesho asubuhi."

"Utarudi lini?"

"Wewe unaenda kufundisha, unarudi. Miye nashinda mu nyumba hii na mulango ule. Kila ukifunguka, nainua macho." Alikaza kamba ya mfuko. "Sina nguvu ya kuinua macho tena, Barthélemy."

Hakumzuia. Asubuhi alimbebea cherehani hadi bandarini, begani, akipumzika kila mteremko ulipokuwa mkali. Ziwa lilikuwa limetulia. Delphine alipanda, akaketi katikati ya magunia, akaipokea cherehani na kuifunika kwa khanga isipate maji. Barthélemy alisimama mpaka mashua ilipogeuka. Alidhani angepunga mkono, lakini mikono yote miwili ya mkewe ilikuwa imeshikilia mashine.

Alipanda kilima polepole. Karibu na nyumba, jirani alimsalimia na kuuliza kama maman yuko, maana alikuwa na gauni la kupunguza.

"Ameenda kwao," alisema Barthélemy.

"Kwa siku ngapi?"

Akasema hajui, akaingia ndani.