Jumanne Isiyokuwa na Darasa

Mkunga alifuta miwani yake kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaivua, akaifuta upya, kisha akasogeza kiti chake mbele mpaka magoti yakakaribia kugusa meza ya projekta.

"Nataka nijione vizuri," aliwaambia waliokaa nyuma yake. "Mara ya mwisho kupigwa video ilikuwa harusi ya mwanangu, na pale walichukua kisogo tu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na swichi ya taa, mikono nyuma, akiomba kimoyomoyo umeme ukatike.

Hafla ilikuwa yake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwafundisha watu wazima Kifaransa katika kituo hicho kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mtaani kwake watu walishasahau jina lake, wakawa wanamwita Bonjuu. Kifaransa chenyewe alikipata kwenye kanda za kaseti, na kwa mwalimu ambaye naye alikuwa amekipata kwenye kaseti hizo hizo. Hakuwahi kukanyaga nchi ambako watu wanagombana na kununua mkate kwa lugha hiyo. Mara tano aliomba nafasi katika mafunzo ya majuma sita yanayotolewa ng'ambo kwa walimu wa lugha za kigeni, na mara tano akapokea barua fupi ya kumtakia kila la heri. Mara ya sita waliomba video: dakika ishirini za somo halisi, isiyokatwa popote, na wanafunzi wote wawemo. Mara hiyo akapata.

"Tulieni kidogo," alisema Mkurugenzi wa kituo, mama aliyekuwa na furaha kumshinda hata mwenye ushindi. Alikuwa ameishika barua kwa mikono miwili. "Sikilizeni majaji wanavyosema. 'Mwalimu huyu hamwachi mwanafunzi yeyote nyuma.' Yeyote, jamani. Kwenye kituo chetu hiki hiki chenye choo kimoja."

Wakapiga makofi. Bonjuu akazima taa.

Video ikaanza. Ubaoni tarehe ilionekana waziwazi, Jumanne, kwa mwandiko wake mzuri. Somo lilikuwa la duka la dawa: mmoja muuzaji, mwingine mgonjwa, maswali na majibu yakipokezana bila kukwama. Mkunga aliinama mbele, kidole hewani, akipita uso mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu. Alipofika kwenye kiti cha karibu na dirisha, kiti anachokalia yeye siku zote, kidole kikasimama. Hapo alikuwa amekaa karani wa kituo, aliyefundishwa sentensi mbili asubuhi ile ile.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Bibi, siku hiyo hukuja," alijibu dereva wa teksi kutoka nyuma. "Tulidhani unaumwa."

"Jumanne ile?" Mkunga akageuka, mwanga wa projekta ukimpiga shavuni, akamtafuta mwalimu gizani. "Si ulisema hakuna darasa, mwanangu? Ulinifuata pale ngazini ukaniambia, Jumanne pumzika, mama, hatusomi."

Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua tu, alivyokuwa akitaka kujua kila kitu. Mkurugenzi bado alikuwa ameishika barua. Kwenye ukuta Bonjuu mwingine, mchangamfu, alikuwa akimsifu karani kwa matamshi mazuri.

"Labda hatukuelewana, mama," alisema Bonjuu.

Aliisema kwa ile sauti ya upole anayoitumia kusahihisha makosa.

"Basi nitakuwa nilisikia vibaya," akasema Mkunga. "Kichwa hiki nacho." Akacheka kidogo, lakini akakirudisha kiti chake nyuma, na hakuitazama tena video.

Ukweli ni kwamba Bonjuu alimpenda yule mama, na hilo ndilo lililomkata maini. Mkunga alikuwa na miaka sabini na mmoja, thelathini na minane kati ya hiyo ameimaliza wodi ya wazazi, na bado alikuwa akiwakumbuka watoto aliowapokea kwa uzito wao. Siku ya kwanza darasani alimnyooshea kidole dereva wa teksi, mtu mzima mwenye kitambi, akatangaza, "Huyu alikuwa kilo tatu na gramu mia mbili, na alitanguliza miguu." Alikuja kusoma kwa sababu ya mjukuu, binti wa mwanawe anayeishi ng'ambo, mtoto wa miaka sita asiyejua neno la Kiswahili, Kifaransa tu. Tiketi ilishakatwa. Angesafiri peke yake, ndege mbili, na Bonjuu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuliza mlango wa kupandia uko wapi.

Lakini kila sentensi Mkunga aliisimamisha. Maana yake nini hiyo? Kwa nini kiti kwa Kifaransa ni cha kike? Nani aliamua? Swali moja lingezaa kisa cha mapacha na kisa kingezaa kicheko, na kwa dakika ishirini darasa lingepita sentensi nne likijitahidi sana. Bonjuu alipiga hesabu hiyo mara nyingi juma la kupiga video. Ndipo akamfuata ngazini. Mkunga alimshukuru. Alisema atapata nafasi ya kupumzisha magoti.

Baada ya hafla, Alhamisi Mkunga hakuja. Jumanne hakuja. Bonjuu alijiambia ni magoti. Juma lililofuata pia hakutokea, na Bonjuu akaendelea kuyasingizia magoti.

Siku moja mchana, darasa likiwa tupu, aliingia binti wa Mkunga akiwa na sare yake ya kliniki ya meno na mfuko wa plastiki mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Mama amesema nikuletee kitabu cha kituo. Ameacha kusoma."

"Marahaba. Amechoka?"

"Anasahau." Aliuweka mfuko mezani, akabaki ameushika. "Sisi hatukuona kitu, kasema mwenyewe. Kasema kulikuwa na darasa, yeye akakumbuka mtu kamwambia halipo. Anakumbuka neno kwa neno, mwalimu. Mpaka ngazi anayosema alikuwa amesimama. Anasema kusahau kila mtu anasahau, ila kukumbuka kitu ambacho hakikutokea ni jambo lingine. Bibi yetu, mama yake, alianza hivyo hivyo."

Bonjuu alishika ukingo wa meza. "Mmemwona daktari?"

"Daktari kamuuliza maswali, kajibu yote. Mwenyewe haamini. Anasema hata bibi alijibu yote mwanzoni." Akauachia mfuko. "Safari tumeisimamisha. Kaka naye kakubali. Utampandishaje mtu wa hivyo ndege mbili peke yake?"

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mwanafunzi, hakuna Mkurugenzi. Bonjuu alifungua kinywa, akasema pole, mpe salamu zangu. Binti akashukuru, akashuka ngazi.

Ndani ya mfuko, pamoja na kitabu, kulikuwa na daftari la Mkunga, limeingia kwa bahati mbaya. Kurasa za mwanzo zilikuwa za Kifaransa. Za nyuma zilikuwa za Kiswahili, na wino ulikuwa mpya. *Leo Jumatano. Nimekunywa dawa asubuhi. Nimeoga.* Kisha orodha ndefu ya watoto. *Wa fundi bomba, kilo 2 na 900? Pacha wa mwalimu wa hesabu, 2 na 400, 2 na 100? Dereva wa teksi, miguu?* Kila mtoto alikuwa amewekewa alama ya kuuliza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili.

*Ngazi. Mwalimu. Jumanne pumzika, mama?*

*Kama hili sikuliona, nini kingine sikukiona?*

Bonjuu alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha mpaka wanafunzi wa jioni wakaanza kupanda. Aliwafundisha namna ya kuagiza chai na hakujua alichokuwa akisema.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshamnunulia sweta zito na alikuwa akijaribu kulikunja liingie sandukuni. Bonjuu alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, viatu miguuni. Mkewe alisikiliza, sweta mapajani.

"Sasa haya unayoniambia mimi," akauliza, "yanamsaidia nani?"

Kesho yake asubuhi alikuwa kwa Mkunga. Alimkuta jikoni, binti yake yupo uani akianika nguo. Makopo yote rafuni yalikuwa yamebandikwa karatasi: sukari, chumvi, majani. Mkunga alimkaribisha kiti, akafunua kopo lililoandikwa sukari, akalamba kidogo kwa ncha ya kidole kuhakikisha, kisha akatia kwenye chai ya mgeni.

"Umeniletea daftari langu," alisema. "Ahsante. Nilidhani nalo nimelipoteza."

"Mama, hukusikia vibaya."

Mkunga akaweka kijiko.

"Darasa lilikuwepo. Mimi ndiye niliyekufuata ngazini nikakudanganya. Nilikuwa napiga ile video. Niliogopa ungeuliza maswali, somo lisiende." Akalilaza daftari mezani. "Hujasahau kitu chochote. Hata kidogo."

Uani binti alikung'uta shuka. Mkunga alifunika kopo la sukari.

"Siku ile ya hafla nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu nilikuuliza, ukanijibu."

"Ndiyo."

"Majuma matatu haya, mwanangu, naandika hata kuoga. Nikiamka usiku nawahesabu watoto, nikimkosa mmoja silali tena." Alisema taratibu, hakupandisha sauti, na Bonjuu angefurahi zaidi kama angempiga kofi. "Kazi yangu yote nimeifanya kwa kichwa hiki. Taa zikizimika wodini walikuwa wananiuliza mimi, siyo faili."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza." Akamwita binti yake. Binti akaja na vibanio vya nguo mkononi. "Mwalimu ana jambo. Rudia, mwalimu."

Bonjuu akarudia. Mara ya pili haikuwa nyepesi hata chembe. Alipomaliza, binti aliviweka vibanio mezani. Alimtazama mama yake, akaenda rafuni, akaanza kubandua zile karatasi, moja moja, kwa ukucha, akizikunja ndani ya kiganja.

"Na hao waliokupa safari," aliuliza Mkunga, "umewaambia?"

"Bado."

"Na Mkurugenzi wenu?"

"Bado, mama."

"Unaondoka lini?"

"Jumamosi."

Mkunga akatikisa kichwa polepole, wala haikujulikana anakubali au anasikitika. Kisha akachukua simu yake ya mkononi. "Hayo ni yako, utayajua mwenyewe. Ila mwanangu kule anajua mama yake amerukwa na akili. Analia kwenye simu akidhani sisikii. Utaanza na yeye."

Alibonyeza namba ile ndefu ya ng'ambo kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, bila kutazama popote palipoandikwa. Akaweka sauti ya nje, akailaza simu mezani kati ya vikombe viwili. Ikaita. Ikaita tena. Bonjuu alikausha viganja vyake kwenye suruali, akapanga maneno: mimi ni mwalimu wa mama yako, nimefanya kosa.

Iliyopokea ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike, mdomo umejaa chakula. Nyuma yake maji yalisikika yakichuruzika na mwanamume akiimba bafuni.

"Huyo ndiye mjukuu wangu," alisema Mkunga. "Hana Kiswahili. Mwambie wewe."

Mtoto akauliza kwa Kifaransa nani anaongea.

Swali hilo Bonjuu alikuwa amelifundisha kwa mamia ya watu. Alijua namna tatu za kulijibu, ya heshima, ya kawaida na ya kirafiki, na zote aliwahi kuziandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri. Sasa aliitazama simu, na Mkunga na binti yake walikuwa wanamtazama yeye, na hakuna aliyeonekana kutaka kumsaidia. Maji kule bafuni yakafungwa.

Mtoto akameza chakula chake, akauliza tena, safari hii neno moja moja, polepole, kama mtu anayesema na asiyejua lugha.