Mtu wa Kesho Hajui Kumaliza Wimbo

Mwimbaji alifika gereji mchana, helmeti ya pikipiki kwapani, akamkuta shemeji yake amechutama anaunyoosha mlango wa gari kwa nyundo. Hakusalimia. Watu waliopewa kichwa na mashabiki wana ugonjwa huo, wanaona salamu ni kazi ya wengine.

"Shemeji, nipulizie hii rangi ya fedha. Ing'ae."

Shemeji alishusha nyundo. Huyu ndiye aliyepiga ngoma katika bendi ya roki ambayo mwimbaji alikuwa mdomo wake, na nyumbani alikuwa mume wa dada yake. Kwa hiyo alimvumilia pande zote mbili, kama mtu aliyepanga chumba katikati ya baa na mashine ya kusaga.

"Umenunua pikipiki?"

"Pikipiki ya nini? Hii ni sura. Roki imekufa, shemeji. Naanza kitu changu pembeni, muziki wa kompyuta mtupu. Natoka kwa jina la Mtu wa Kesho."

"Na sisi?"

"Nyinyi mpo tu. Pumzikeni." Akatazama kucha zake. "Halafu jioni pita stoo, unipigie ngoma moja moja nizirekodi. Kompyuta inataka sauti nzuri, na yako ni nzuri, siwezi kukuficha."

Kilemba cha ukoka hicho, na shemeji alikijua uzito wake. Hata hivyo helmeti aliipuliza, kwa sababu asingeipuliza angeulizwa nyumbani. Na jioni alikwenda stoo. Stoo ilikuwa nyuma ya duka la magodoro, na wanabendi walikuwa wameibandika vipande vya sponji ukutani ili majirani walale. Ndicho chumba chao cha mazoezi tangu ujana. Mwimbaji alikaa na kompyuta mapajani.

"Piga ile kubwa. Mara moja. Basi! Sasa ile ndogo. Basi, basi!"

Kila alipoinua mkono wa pili aliambiwa basi. Alitoka mle ndani kama kuku aliyenyonyolewa kwa heshima.

Sasa, lazima ijulikane bendi ile ilimalizaje nyimbo zake. Hazikuwa na mwisho uliopangwa. Mwimbaji aliimba mpaka achoke, na akichoka anakanyaga jukwaa kwa mguu wa kulia, puu! Nyuma yake shemeji, ambaye macho hayakubanduka kwenye kisigino kile, anaufunga wimbo palepale, besi na gitaa zinamfuata. Watu wakipiga makelele, mwimbaji anainua mikono juu kana kwamba amesimamisha mvua. Hajawahi kugeuka nyuma. Miaka nenda miaka rudi alimkanyagia mume wa dada yake kama anayefukuza paka, na alichotaka shemeji kilikuwa kidogo hata akaona haya kukitaja: aombwe. Kwa mdomo, kama mtu, mara moja tu.

"Asiponiomba mwaka huu, vijiti navitia motoni," alimwambia mkewe. "Na siku nikiondoka mimi, bendi hakuna. Ataimba bafuni."

"Mdogo wangu yule hata maji haombi," mkewe akasema. "Akisikia kiu anauliza, 'Nyumba hii haina maji?'"

Mtu wa Kesho alifanya mazoezi yake sebuleni kwa dada huyohuyo, maana kwake mwenye nyumba alishamfukuza mara mbili, mwimbaji na kelele zake. Alisukuma kochi, akapanga spika, akavaa helmeti yake ya fedha na kubonyeza. Muziki ukaanza kuzunguka. Kompyuta haichoki, ukiiambia zunguka, inazunguka mpaka kiama. Mwimbaji, akiisha kuimba, anakanyaga. Dada, aliye jikoni na sufuria zake, akisikia kishindo kwenye sakafu yake anajua mtoto wa mama amechoka. Anajipangusa mikono, anakwenda koridoni, anazima swichi inayopeleka umeme sebuleni. Spika kimya. Alifanya hivyo kwa ajili ya masikio yake mwenyewe, wala hakudhani anamaliza wimbo wa mtu.

Na yule aliye ndani ya helmeti, asiyeona hata taa imezimika, akatoka akiwa na habari njema.

"Mashine imenizoea, shemeji! Nikikanyaga tu, inanyamaza. Nyinyi ilinichukua miaka kuwafundisha."

Shemeji alitafuna chakula chake polepole. Mkewe alimkanyaga chini ya meza.

"Humwambii?" aliuliza baadaye.

"Akiuliza, nitamwambia."

Jumamosi alasiri Mtu wa Kesho alizaliwa rasmi, barazani kwa duka jipya la simu lililokuwa likifunguliwa. Mashabiki wa roki walikuja na majaketi yao meusi kwenye jua lile, wanatoka jasho kama wezi. Shemeji na mkewe walisimama kando ya mlango, karibu na soketi iliyolisha spika.

Wimbo ukaanza. Dum, dum, dum. Shemeji akaitambua sauti ya ngoma yake, ile moja aliyoitoa stoo, sasa inarudiwarudiwa kama mzee anayekohoa. Juu yake mwimbaji aliunguruma maneno ambayo helmeti iliyageuza kuwa ya mtu aliyefungiwa kabatini. Debe tupu, wahenga walishasema. Ila hawakujua kuna siku debe litapakwa rangi.

Akachoka. Akakanyaga, puu!

Dum, dum, dum.

Akakanyaga tena. Goti la shemeji liliruka lenyewe, kwa mazoea, akalibana kwa mkono.

"Baba watoto, soketi hiyo hapo," mkewe akanong'ona. "Mzimie."

"Kaomba?"

"Nakuomba mimi."

"Wimbo si wako, mama."

"Basi nazima mwenyewe."

"Zima. Halafu uende naye kila jukwaa na sufuria zako."

Hapo ndipo ilipomwingia mkewe kwamba kule sebuleni alikuwa akifanya kazi ya mumewe bila kuombwa, akajiziba uso kwa mkoba asionekane anacheka.

Barazani mambo yalikuwa yameharibika. Mvuke ulijaa ndani ya helmeti, mwimbaji akawa anapapasa vitufe kama anayetafuta chumvi gizani, na kila akikosa anakanyaga. Majaketi meusi wakadhani ndio mtindo mpya. Mmoja akakanyaga, wa pili, halafu baraza zima, puu, puu, simu juu wanapiga picha. Akajaribu kuvua helmeti. Kichwa kikagoma kutoka. Wamekisifu miaka yote, sasa kingepungua vipi? Mwishowe mwenye duka, kioo chake kipya kinatetemeka, akaingia ndani na kukata umeme wa jengo zima.

Mtu wa Kesho aliishi wimbo mmoja, nao hakuumaliza yeye.

Siku chache zikapita. Mazoezi ya bendi yalipofika, mwimbaji aliingia stoo na miwani ya jua, akatundika jaketi kana kwamba alitoka kununua sigara.

"Roki haifi," alisema.

"Si tulishazika?" akauliza mpiga besi, jitu nene waliloliita Bonge. "Mimi hata pole nilishapokea."

"Piga kazi, Bonge."

Shemeji alikaa kwenye kiti chake, akahesabu kwa vijiti, wakaanza ule wimbo wao wa zamani. Wakaenda. Sponji zikatetemeka ukutani. Mwimbaji akaimba mpaka akachoka, shingo imejaa mishipa.

Puu!

Ngoma ikaendelea. Bonge alimtazama shemeji, akaona uso wake, akatabasamu, akaendelea naye.

Puu! Puu!

Mwimbaji akageuka nyuma. Miwani ilikuwa imeteleza hadi puani, na macho yaliyokuwa nyuma yake hayakuwa ya Mtu wa Kesho wala wa jana. Shemeji alimtazama moja kwa moja, mikono inafanya kazi.

"Shemeji," mwimbaji akasema.

Ngoma.

"Shemeji! Naomba... naomba tumalize."

"Sijasikia," shemeji akapaza sauti juu ya mlio wa visahani vya ngoma. "Sema kwenye maikrofoni!"

Mwimbaji akaisogelea maikrofoni, na ombi lake likatoka kwenye spika zote mbili, likapita sponji, likafika dukani mbele, ambako muuza magodoro alisimama na futi mkononi akasikiliza. Shemeji akamzungusha mara moja zaidi, ya kumkomesha, kisha akafunga.

"Karibu, shemeji," alisema, akainama kukaza skrubu ya kiti. "Haya, ule wa pili."