Matofali ya Dirishani

Adela aliamka kichwa kikimgonga, miguu mizito kama si yake. Kando yake mama yake, Bibi Cornelia, alikuwa ametapikia shuka. Alimwita. Hakuitika. Jiko la mkaa lilikuwa palepale katikati ya chumba, walipoliweka jana kuzuia baridi ya Julai, na majivu yake bado yalikuwa ya moto.

Alimshika mama makwapani, akamburuta hadi uani. Upepo ulipompiga usoni, bibi alikohoa, akafumbua macho.

"Niko wapi?"

"Nje, mama. Pumua."

Jirani yao Monika alichungulia mlangoni kwake, akauliza kama ni malaria, kisha akarudi ndani. Adela alimpigia kaka yake aliyeko Namanyere. Simu iliita mpaka ikakatika.

Kwenye zahanati walimpima mama malaria, hakuna.

"Mlilala na jiko ndani?" mganga Theodory akauliza.

"Mkaa ulishakolea, daktari. Haukuwa na moshi hata kidogo."

"Hapo ndipo unapoua. Hewa yake ya sumu huioni, wala huinusi. Bibi angewekewa oksijeni, ila mtungi wetu umeisha tangu mwezi wa tano. Kaeni hapo nje apate hewa. Akizidiwa, mkimbize hospitali. Na leo jiko lisiingie ndani, dirisha liwe wazi."

"Dirisha limezibwa kwa matofali."

"Mwambie mwenye nyumba."

Walikaa kwenye benchi hadi saa sita, bibi alipoweza kutembea bila kuyumba.

Mwenye nyumba, Mzee Kalisti, alikuwa akianika mahindi mbele ya nyumba yake, mtaa huohuo wa Izia walikopanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

Adela alieleza. Mzee hakuacha kutandaza mahindi.

"Wezi walipitia dirisha lile. Nimeziba yote kwa usalama wenu."

"Mama nusura afe."

"Wapangaji saba wana majiko. Mbona wao hawafi?"

Kwenye ofisi ya mtaa, mtendaji alimsikiliza huku akichezea simu.

"Lete barua ya mwenye nyumba kwamba ameridhia dirisha lifunguliwe."

"Hajaridhia. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Basi subiri kikao."

"Lini?"

"Tutatangaza, dada."

Saa kumi alasiri Adela alimkalisha mama uani, akamfunika blanketi mbili, akachukua sururu. Matofali yalikuwa yameshikizwa kwa udongo tu. La kwanza lilipoanguka, wapangaji wakatoka.

"Njooni," Adela akawaambia. "Nikimaliza tufungue na ya kwenu. Mkaa huu unaua kimyakimya."

Walitazamana. Upepo ulikuwa umeanza kuuma. Monika aliinama, akanyanyua jiko lake lililokwisha kolea, akaingia nalo ndani na kufunga mlango. Mmoja mmoja, na wengine wakaingia.

Mzee Kalisti alifika akihema.

"Mwisho wa mwezi nisikukute hapa! Wewe na mama yako!"

"Nimesikia, mzee."

Adela alichomeka ncha ya sururu kwenye ufa, akakandamiza. Tofali la nne lilitoka zima. Akalipokea kwa mikono miwili na kuliweka chini taratibu lisivunjike, maana halikuwa lake.